Datsun 240Z: bati kwanza, injini baadaye

Ukitaja Datsun 240Z mbele ya mtu aliyekulia Nairobi, Kampala au Dar es Salaam miaka ya 1970, atakujibu kwa neno moja: Safari. Na ana haki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally wakiwa na gari hili. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda nalo tena akiwa na Lofty Drews, baada ya kufungana pointi za adhabu na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine. Ushindi huo ulilijengea gari jina, na jina likazaa uvumi ambao hadi leo unawatoa watu pesa mfukoni.

Tunalopima hapa ni gari la barabarani, lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z na kutoka nje kama 240Z hadi 1973. Injini ni L24 ya cc 2,393, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, bloku ya chuma na silinda hedi ya aluminiamu. Nguvu zilizotangazwa ni farasi 151 kwa kipimo cha Marekani cha enzi hizo, kipimo kilichokuwa kikarimu kuliko cha leo. Uzito ni kilo 1,050 hivi. Marekani lilianza kuuzwa kwa dola 3,526, ndiyo maana mengi yalikwenda huko na ndiyo maana mengi yanayouzwa leo yanatoka huko. Hukumu yetu tunaitoa mapema: ni gari zuri kumiliki, na fundi wa kawaida mwenye subira analimudu. Kinachowafilisi wanaolinunua ni bati, karibu kila mara, wakati macho yao yote yako kwenye injini.

Tuanze na hilo la Safari. Watu husema gari lililomaliza matope na mawe ya Afrika Mashariki haliwezi kuoza kirahisi. Yale ya mashindano yalitoka kwenye karakana ya kiwanda: bodi limeongezewa weldi na vipande vya kuliimarisha, tumbo limevalishwa bamba, shokapu na springi ni za kazi hiyo, na njiani mafundi wanalisubiri na spea. Vyaelea vimeundwa. La dukani lilijengwa kwa ajili ya lami, kwa bati jembamba, na kiwandani lilipata kinga ndogo sana dhidi ya kutu. Limekaa nusu karne. Kama lilipita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, au limeegeshwa miaka kwenye upepo wa bahari, usilipe hata shilingi kabla hujalala chini yake.

Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, tochi, bisibisi butu, jeki na stendi mbili. Rangi mpya isikupumbaze. Rangi mpya inayong'aa ni sababu ya kukagua zaidi. Fungua boneti, toa betri, inua sinia yake. Asidi ya betri imedondoka hapo miaka hamsini, na chini ya sinia kuna boriti ya mbele inayobeba injini na sehemu ya usukani. Kutu ya sinia yenyewe ni kazi ya siku moja. Ikiwa imeshateremka hadi kwenye boriti, hiyo ni kazi ya wiki kadhaa na fundi welda anayejua anachofanya. Ukiwa hapohapo, angalia matundu ya hewa yaliyo kati ya boneti na kioo cha mbele. Majani huingia humo, huziba njia za maji pembeni, na maji yakikosa pa kutokea hukaa nyuma ya madigadi ya mbele na kushukia sakafuni. Mimina nusu lita ya maji polepole kwenye matundu hayo: yanapaswa kutokea chini, nyuma ya gurudumu la mbele, ndani ya sekunde chache. Yasipotokea, kuna uozo usiouona.

Kisha sakafu. Inua kapeti na lami ya kuzuia kelele iliyo chini yake. Chini ya sakafu kuna boriti mbili nyembamba za bati lililokunjwa, zinazoishia chini ya viti. Hizo hupondwa na watu wanaoweka jeki pasipotakiwa, halafu hushika maji na kuoza kutoka ndani. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia kwa mlio mkavu, bati lililooza hutoa sauti kama ya boksi la karatasi. Pitisha sumaku kwenye vizingiti chini ya milango, kwenye kipande kidogo kati ya mlango na gurudumu la nyuma, kwenye ukingo wa chini wa mlango wa buti, na ndani ya shimo la tairi la akiba. Pale sumaku inapoteleza bila kushika kuna puti (plasta ya kuziba bodi), na puti nene haiwekwi mahali palipo pazima.

Jaribio moja zaidi ambalo muuzaji hatalipenda. Weka jeki upande mmoja, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, inua hadi tairi liache ardhi, kisha fungua na ufunge mlango wa upande huo. Pengo la mlango likibadilika, au mlango ukigoma, bodi limelegea. Hapo huhitaji fundi wa rangi, unahitaji kuvua gari lote. Na ukiamua kulikarabati, kabla ya kukata vizingiti weldia vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, la sivyo bodi litajikunja na milango haitafunga tena. Kata hadi ufikie bati safi. Kubandika kiraka juu ya kutu ni kuifungia kutu ndani. Kazi ikiisha, nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya kila boriti na kizingiti. Rangi ya nje haifiki huko.

Angalia pia namba. Namba ya chasi iko kwenye kibao cha dashibodi (kwa yaliyouzwa Marekani), kwenye kibao cha chumba cha injini, na imegongwa kwenye bati linalotenga injini na abiria. HLS30 ni usukani wa kushoto, HS30 ni wa kulia. Gari lenye usukani wa kulia na namba za HLS30 limegeuzwa, na kazi ya kugeuza hukaguliwa weldi kwa weldi.

Tukija kwenye injini, tunaingia kwenye uvumi ambao mafundi wetu wameuzoea mno: toa thamostati, gari lipoe. Nissan, ndio watengenezaji wa Datsun, walikuwa na thamostati za aina tatu kwa injini hii, ikiwamo ya nchi za joto inayofunguka nyuzi 76.5, pamoja na ya kawaida ya nyuzi 82. Waliozitengeneza walishafikiria jua letu. Ukiitoa, injini inachelewa kufika joto lake, oili haipati moto wa kutosha kutoa unyevu, petroli inaosha kuta za silinda, na ule mshale unaoonyesha ubaridi unakufariji bure. Gari likichemsha, sababu iko kwingine: rejeta iliyoziba kwa ndani, kifuniko cha rejeta kisichoshika shinikizo lake la kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba, feni iliyopoteza klachi yake, au pampu ya maji.

Na hapo kwenye maji ndipo hedi nyingi za L24 zimefia. Hedi ni aluminiamu, bloku ni chuma. Weka metali hizo mbili kwenye maji ya bomba matupu na umepata betri: aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ukifungua hedi ya gari lililotumia maji miaka mingi, utaona njia za maji zimetafunwa hadi kingo zinazokaliwa na gasketi. Hakuna gasketi ya kuziba hapo. Hedi hujazwa weldi na kupigwa mashine, au hutupwa. Tumia kulanti yenye kinga ya aluminiamu, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, na uibadilishe kila miaka miwili hata kama rangi yake bado nzuri. Rangi haikuambii kinga imekwisha. Usemi kwamba kulanti ni ya nchi za baridi umeua injini nyingi kuliko joto lenyewe.

Kabureta sasa. "Kabureta mbili haziwezi kusetika, ng'oa uweke Weber," yaani kabureta za chapa nyingine, ndivyo wanavyosema. Kabureta za mwanzo, Hitachi za muundo wa SU zenye vichwa vya duara, ni kati ya vitu vyepesi kabisa kwenye gari hili. Zilizoleta lawama ni zile za 1973 zenye kichwa bapa, zilizobuniwa kwa ajili ya sheria za moshi za Marekani. Hizo wenye magari wengi wamezibadilisha na za duara, na wamefanya vyema. Ukikuta gari la 1973 bado lina za bapa, tenga pesa ya jozi ya zamani.

Utaratibu wa kuseti hizo za duara hauna siri, ila una mpangilio, na wanaoshindwa ni wale wanaoanza mwisho. Weka kwanza tapeti (nafasi za valvu), plagi, platini na taimingi sawa. Kabureta huguswa mwisho, kwa sababu kosa la tapeti haliondoki kwa kugeuza skrubu ya kabureta. Kisha fungua kifuniko cha juu cha kila moja na ujaze oili ya SAE 20 hadi alama ya kijiti. Oili hiyo ndiyo inayozuia pistoni ya kabureta isiruke ghafla unapokanyaga. Ikikauka, gari linakohoa unapoongeza mafuta, na watu hununua pampu ya petroli bure. Inua pistoni kwa kidole na uiachie: ishuke laini na kugota chini kwa sauti ndogo kavu. Ikikwama, safisha kwa petroli na kitambaa laini, usiipige msasa. Nati ya mchanganyiko iliyo chini pandisha hadi mwisho, kisha shusha mizunguko miwili na nusu kwa kabureta zote mbili. Washa, subiri ipate moto, sawazisha upepo kwa kifaa cha kupimia au kwa mpira mwembamba sikioni, halafu weka sailensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, kwenye mizunguko 750 hivi kwa dakika. Mwisho inua pistoni ya kabureta moja kidogo sana, kama milimita moja. Injini ikipanda na kubaki juu, mchanganyiko una petroli nyingi. Ikishuka, petroli ni kidogo. Ikipanda kidogo na kurudi, acha hapo. Rudia kwa ya pili.

Kuna hitilafu moja ya kweli inayosingiziwa kabureta. Kwenye hedi hii, njia za hewa na za moshi ziko upande mmoja, na kabureta zimekaa juu ya manifoldi ya moshi. Ukizima gari mchana wa joto kwa dakika kumi, moto unapanda, petroli inachemka ndani ya kabureta, na gari haliwaki au linawaka kwa kukohoa. Hakikisha bati la kukinga joto lipo kati yake na halijatupwa na fundi aliyepita, gasketi nene za kuhami ziko mahali pake, na mipira ya petroli haijagusa manifoldi. Mafuta yenye ethanoli huzidisha tatizo na hula mipira ya zamani. Weka mipira iliyotengenezwa kwa mafuta hayo.

Tapeti zinatisha bila sababu. Nati ya kufungia ni spana 17, ya kurekebishia ni 14. Injini ikiwa ya moto, nafasi ni milimita 0.25 kwa valvu ya kuingiza na 0.30 kwa ya kutolea. Ikiwa ya baridi, 0.20 na 0.25. Fila geji (vibamba vya kupimia nafasi) hupita kati ya kamu na mkono wa valvu, pua ya kamu ikiwa imeelekea juu. Valvu ni 12. Mtu anayeanza ajipe saa mbili. Na tafadhali, injini hii haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha, ina cheni. Tahadhari yake ni moja tu: ukifungua gia ya kamshafti, piga kwanza kabari ya mbao kati ya pande mbili za cheni. Ukisahau, kikaza cheni kinaruka kutoka mahali pake, na kukirudisha ni kufungua mbele yote ya injini.

Je, petroli isiyo na risasi itaua valvu? Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na magari haya yanaendelea kutembea. Hatari ipo kwa viti vya valvu za kutolea, hasa kwa anayekimbiza gari kwa kasi kubwa safari ndefu. Pima tapeti kila kilomita 5,000 na uandike. Nafasi ya valvu ya kutolea ikizidi kupungua kila unapopima, kiti kinazama, na hedi ikishuka kwa kazi nyingine weka viti vigumu. Isipopungua, huna haja ya chupa za dawa za kutia kwenye petroli.

Oili: kamshafti ya L24 inasuguana moja kwa moja na mikono ya valvu, bila rola. Inahitaji oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha, ambavyo vimepunguzwa kwenye oili nyingi za magari mapya ya petroli. Tafuta 20W-50 au 15W-40 iliyoandikwa kwa magari ya zamani, na usome kiwango cha zinki. Giaboksi ipewe oili ya gia ya daraja la GL-4. GL-5 ya kawaida ina salfa inayoweza kula ringi zake za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia. Difu ndiyo inayotaka GL-5. Kuchanganya hizo mbili kwa sababu "oili ya gia ni oili ya gia" kunamaliza giaboksi polepole, gia ya pili ikianza kukwaruza.

Kwa vile tumefika kwenye difu: mlio wa "dung" nyuma unapobadilisha gia kwa kawaida si difu iliyokufa. Ni mpira wa mbele unaoishikilia, uliopasuka. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na difu nzima. Kinyume chake, bushi za nyuma zinaonekana kazi ndogo kumbe si ndogo: pini ndefu inayopita chini ya shokapu hushikana na kutu, na kuitoa huhitaji presi, moto, au kuikata. Ukipewa bei ya bushi za nyuma bila kutajiwa pini hiyo, uliza.

Umeme una udhaifu wake mmoja mkubwa. Taa kubwa zinapitisha umeme wote kwenye swichi ya usukani, bila rilei, na boksi la fyuzi huyeyuka, hasa kwenye fyuzi ya taa ndogo. Gusa boksi hilo baada ya dakika kumi za taa kuwaka. Likiwa na moto, safisha vishikio na uongeze rilei kwa taa kubwa. Wanaoweka fyuzi kubwa zaidi ili isikatike wanahamishia moto kwenye waya.

Kuna wanaolifunika turubai na kulitoa mara mbili kwa mwaka, wakiamini wanalitunza. Gari hili likikaa, silinda za breki za magurudumu hushika kutu, sahani ya klachi hugandana na flaiwili, petroli huacha ulimbo kwenye kabureta, na sili hukauka. Liendeshe walau kila wiki mbili, dakika 30 au zaidi, hadi oili ipate moto kabisa. Kuliwasha dakika tano uani ni kulijaza unyevu. Mafuta ya breki yabadilishe kila miaka miwili, kwa sababu yanavuta maji hewani. Tairi zisome namba nne za wiki na mwaka; kashata nzuri kwenye tairi la miaka 12 haikusaidii chochote kwenye kona. Likilala muda mrefu, achia hendibreki na uzuie magurudumu kwa kabari.

Spea za kazi zinapatikana: breki, bushi, klachi, sehemu za kabureta, hata vipande vya sakafu na vizingiti vinatengenezwa upya. Vigumu ni vya kupendeza macho: dashibodi isiyopasuka, mapambo ya kromu, lenzi safi. Kwa hiyo lililokamilika ndani lenye injini mbovu ni nunuo bora kuliko lenye injini mpya na dashibodi iliyochanika.

Kuhusu bei, 240Z moja ya 1971 iliuzwa dola 310,000 kwenye mnada Januari 2020, na tangu hapo kila mwenye mabaki uani anajiona tajiri. Lile lilikuwa na umbali mdogo na halijaguswa. La kawaida hukarabatiwa kwa pesa nyingi kuliko linavyouzwa, na gharama kubwa ni saa za welda.

Kabla ya kulipa, endesha dakika 20 vioo vikiwa vimefungwa. Ukisikia harufu ya moshi ndani, gasketi za taa za nyuma na mpira wa mlango wa buti vimechoka, na moshi unavutwa kutoka nyuma ya gari hadi kwa dereva. Ni sumu, na kichwa huanza kuuma kabla hujaelewa kwa nini. Ukilinunua, badilisha gasketi zote mbili za taa, mpira wa buti na vizibo vya matundu ya waya nyuma, kisha rudia safari ileile vioo vikiwa vimefungwa.